Ekseli nzima au mfumo huru: Hesabu ya mwenye pikapu ya dizeli

Wafanyabiashara wanaotafuta pikapu ya dizeli ya kubebea mizigo hukutana na swali lile lile kila wanapofika kwenye yadi za magari au kwa madalali. Je, wachukue gari lenye ekseli nzima mbele, au lenye mfumo huru ambao kila tairi la mbele hupanda na kushuka peke yake?

Swali hilo ni la fedha. Kwa mfanyabiashara mdogo pikapu mara nyingi ndiyo mali kubwa kuliko zote alizonazo, na wengi huinunua kwa mkopo. Injini nzuri ya dizeli ikitunzwa hudumu laki kadhaa za kilomita. Kwa hiyo kinacholipeleka gari gereji mara kwa mara si injini, bali ni vyuma na mipira iliyo chini yake. Marejesho ya benki nayo hayasubiri gari litoke gereji.

Mitaani jibu hutolewa haraka kwamba ekseli nzima ni imara na mfumo huru ni dhaifu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi kumwongoza mtu anayetoa mamilioni ya shilingi.

TOFAUTI ILIPO

Ekseli nzima ni bomba moja nene la chuma linalotoka tairi hadi tairi, difu ikiwa ndani yake. Bomba hilo hufungwa kwenye springi za vyuma bapa au springi za koili. Tairi moja likipanda jiwe, la pili nalo huinama. Uzito hushuka kutoka kwenye chesisi hadi kwenye springi, kutoka springi hadi kwenye bomba, na kutoka hapo hadi kwenye matairi, bila kupitia viungo vingi.

Katika mfumo huru, difu hufungwa kwenye chesisi. Kila tairi hushikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na hupokea nguvu ya injini kwa shafti fupi yenye viungo viwili. Springi yake huwa koili au fimbo ndefu ya chuma inayojisokota, ambayo mafundi huiita toshenbaa.

Ukihesabu sehemu, tofauti huonekana wazi. Pikapu ya 4x4 yenye mfumo huru wa kawaida huwa na boljointi 4 za mikono, bushi 8 za mikono, na viungo 4 vya shafti, kila kiungo kikiwa na mpira wake wa kuzuia vumbi. Yenye ekseli nzima huwa na viungo 2 tu vya shafti, navyo kwenye magari kama Land Cruiser na Hilux za zamani hukaa ndani ya mpira wa chuma uliojaa grisi. Zaidi ya hapo kuna beringi za kugeuzia magurudumu na bushi za springi.

Huo ndio msingi wa jambo lote. Ekseli nzima huchakaa polepole kwenye sehemu chache na nene. Mfumo huru huchakaa kwenye sehemu nyingi na ndogo, na baadhi yake hulindwa na mpira peke yake. Mpira wa shafti ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia, na kiungo ambacho kingedumu miaka huisha katika muda mfupi. Mwenye gari asipoukagua mara kwa mara hujua baada ya kusikia mlio, wakati mpira wa bei ndogo umeshageuka kuwa shafti ya bei kubwa.

WATENGENEZAJI WALIVYOAMUA

Historia ya Toyota inaonyesha jinsi suala hili lilivyokwenda. Hilux ya 4x4 ilianza mwaka 1979 ikiwa na ekseli nzima mbele. Kizazi kilichoanza mwaka 1988, ambacho LN106 yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 ni mmoja wa watoto wake, kiliendelea na ekseli nzima na springi za vyuma bapa katika masoko ya barabara mbovu. Huko Marekani, ambako pikapu nyingi huendeshwa kwenye lami, Hilux ilikuwa imekwisha hamia kwenye mfumo huru kwa magari ya mwaka 1986.

Kuanzia kizazi cha mwaka 2004, Hilux ya 4x4 imekuwa na mikono miwili na koili mbele. Washindani wake wakubwa, yaani Isuzu D-Max, Mitsubishi L200, Nissan na Ford Ranger, nao hutumia mfumo huru.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 haikufuata njia hiyo. Ilitolewa mwaka 1984 na hadi leo ina ekseli nzima mbele na nyuma. Mabadiliko makubwa ya upande huo yalikuja mwaka 1999, pale springi za vyuma bapa za mbele zilipoondolewa na kuwekwa koili. Bomba lenyewe lilibaki.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1998. Toyota ilipotoa Land Cruiser ya mfululizo wa 100 yenye mfumo huru, ilitoa pia ndugu yake wa 105 mwenye ekseli nzima kwa ajili ya masoko kama Afrika na Australia. Kiwanda hakikuondoa mfumo huru kwa sababu ya barabara mbovu, wala hakikuwalazimisha wateja wote kuuchukua. Kilipima mahali gari litakapofanya kazi na kutoa majibu mawili.

Udhaifu wa boljointi nao una kumbukumbu za wazi. Mwaka 2005 Toyota iliyarudisha gereji magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, zikiwemo Tacoma na 4Runner, kwa ajili ya boljointi za mbele. 4Runner ya aina hiyo ndiyo inayojulikana Afrika Mashariki kwa jina la Surf. Hatari yake ni kwamba boljointi ya chini ikitoka, tairi hulala na gari hukosa mwelekeo. Ekseli nzima ikichakaa kwa kawaida hutoa onyo mapema kwa usukani kutikisika na gari kuyumba.

UPANDE WA PILI WA MIZANI

Hata hivyo, ekseli nzima nayo ina gharama yake. Bomba, difu na magurudumu ni mzigo mzito unaorukaruka pamoja kila gari linapopita kwenye makunyanzi ya barabara ya vumbi. Mtikisiko huo huenda kwenye chesisi, kwenye bodi, kwa dereva na kwenye bidhaa. Anayesafirisha mayai, nyanya au soda za chupa huona hasara hiyo kwenye kreti, ingawa haiandikwi kwenye risiti ya gereji.

Mfumo huru una uzito mdogo unaoruka na tairi. Kwa hiyo tairi hufuata barabara vizuri zaidi, gari hutulia kwenye kona, na breki hushika vyema kwenye lami iliyoharibika. Dereva anayekwenda kilomita 500 kwa siku hufika akiwa na nguvu, na uchovu wa dereva ni chanzo cha ajali.

Aidha, mkono uliopinda baada ya gari kuingia shimoni unaweza kufunguliwa na kubadilishwa peke yake. Bomba la ekseli likipinda, matairi yote mawili hukaa vibaya, na kulinyoosha ni kazi ya fundi mwenye vifaa na uzoefu.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba karibu pikapu zote hizi, za aina zote mbili, zina ekseli nzima na springi za vyuma bapa nyuma. Huko ndiko sehemu kubwa ya mzigo inakokaa. Mbele hubeba zaidi injini, na injini ya dizeli ni nzito. Kwa hiyo anayepima uwezo wa kubeba mzigo kwa kutazama mbele tu anatazama upande usiohusika sana.

SOKO LA MAREKANI HALIJAKUBALIANA

Kama jibu lingekuwa moja, soko la pikapu kubwa za dizeli nchini Marekani lingekwisha kulipata, kwa kuwa huko kampuni tatu hushindana kwa mteja yule yule. General Motors iliingiza mfumo huru wenye toshenbaa kwenye pikapu zake za 4x4 mwaka 1988, na iliendelea nao ilipoleta injini ya Duramax ya lita 6.6 kwa magari ya mwaka 2001. Ford kwenye Super Duty za 4x4 na Ram zenye injini ya Cummins wamebaki na ekseli nzima.

Kila upande una malalamiko yake yanayojulikana. Wenye Duramax za miaka ya mwanzo wamekuwa wakilalamikia tairodi kupinda gari linapovuta mzigo mzito kwa nguvu. Wenye Ford na Ram wanalalamikia mtikisiko mkali wa usukani unaoanza ghafla gari likipita kwenye bonde dogo kwa mwendo wa kasi, hasa bushi, tairodi au fimbo ya kuzuia ekseli isiende pembeni zinapolegea. Kampuni zote tatu zinaendelea kuuza, na wateja wa kila moja wanarudi.

Kwenye malori makubwa hali ni tofauti. Huko ekseli nzima ya mbele ndiyo kawaida, kwa kuwa chuma kimoja kilichofuliwa hubeba uzito mkubwa kwa gharama ndogo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli moja ya usukani. Volvo ilianza kutoa mfumo huru wa mbele kwenye lori lake la FH mwaka 2012, lakini kwa mteja anayeuchagua na kuulipia.

Wakati huo huo, Tatra ya Czech imekuwa ikitumia nusu-ekseli zinazocheza kila moja peke yake tangu mwaka 1923, na dereva wake Karel Loprais alishinda mashindano ya Dakar upande wa malori mara 6 kati ya mwaka 1988 na 2001. Nusu-ekseli za Tatra ni mabomba mazito yaliyofungwa kwenye bomba kubwa la katikati. Hilo linaonyesha kwamba tairi kucheza peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni viungo vidogo vilivyo wazi kwa vumbi, maji na mzigo uliopita kiasi.

KUKAZA TOSHENBAA HAKUONGEZI NGUVU

Uharibifu mwingi wa mfumo huru huanzia kwa mwenye gari mwenyewe. Gari likiinama mbele, au likipakiwa kupita uwezo wake, fundi huombwa akaze boliti za toshenbaa ili liinuke. Gari huinuka kweli, lakini fimbo haijawa nene zaidi, na uwezo wake wa kubeba ni ule ule.

Kinachobadilika ni pembe. Shafti na mikono huinama zaidi, boljointi hufanya kazi karibu na mwisho wa mzunguko wake, na viungo vya shafti huzunguka vikiwa vimekunjwa. Matairi nayo huanza kulika upande mmoja. Mwenye gari husema mfumo huru ni dhaifu, wakati umeondolewa mahali ulipotengenezwa kufanya kazi.

Ekseli nzima husamehe zaidi kosa la namna hiyo. Springi ikilala kwa mzigo, matairi hubaki yamesimama na difu hubaki juu ya ardhi kwa kimo kile kile. Katika mfumo huru difu hushuka pamoja na chesisi, na jiwe lililopitwa wakati gari ni tupu huligonga linaporudi na mzigo.

HESABU YA KUFANYA KABLA YA KUNUNUA

Mfanyabiashara hanunui uimara, ananunua siku za kazi. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila mnunuzi anapaswa kuweka tarakimu zake.

Ichukuliwe kwamba pikapu inabakiza shilingi 100,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva, na inafanya kazi siku 300 kwa mwaka kwenye njia ya vumbi. Yenye ekseli nzima inatumia shilingi 600,000 kwa vipuri na ufundi wa mbele, na inasimama siku 4. Gharama yake yote ni shilingi 1,000,000. Yenye mfumo huru inatumia shilingi 1,400,000 na inasimama siku 9, jumla shilingi 2,300,000.

Tofauti ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Ikigawanywa kwa siku 300 ni kiasi cha shilingi 4,350 kwa siku. Kwa hiyo mwenye mfumo huru anatakiwa aulizwe swali moja: Je, gari hilo linamwokolea angalau kiasi hicho kila siku kwa mwendo mzuri, bidhaa zisizovunjika na safari ya ziada? Kwenye njia ambayo sehemu kubwa ni lami, kiasi hicho ni kidogo na hupatikana kwa urahisi, na pia matengenezo yenyewe hupungua. Kwenye njia za mashamba na machimbo, ambako mwendo ni mdogo kwa gari la aina yoyote, hakipatikani.

Siku za kusimama hutegemea pia duka la vipuri. Mtu aliye karibu na Gerezani au Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, hupata boljointi siku hiyo hiyo. Aliye wilayani husubiri basi lilete. Vipuri bandia navyo huumiza zaidi mfumo huru, kwa kuwa uzito wa tairi zima unaweza kuning'inia kwenye boljointi moja. Boljointi ya bei ya chini isiyojulikana ilikotoka haifai kuhesabiwa kama akiba.

MAMBO YA KUKAGUA

Kwa gari lenye mfumo huru, mipira yote 4 ya shafti ikaguliwe kwa tochi. Grisi iliyorushwa ndani ya rimu ni dalili ya mpira uliopasuka. Gari liinuliwe kwa jeki na tairi litikiswe juu na chini. Likicheza, beringi au boljointi imekwisha. Boliti za toshenbaa zilizokazwa hadi mwisho zinaonyesha fimbo imechoka au gari limekuwa likizidishiwa mzigo. Tairi lililolika ndani peke yake linasema jambo hilo hilo.

Kwa gari lenye ekseli nzima, ule mpira wa chuma nyuma ya tairi utazamwe. Ukitoa uji mwepesi badala ya grisi nzito, oili ya difu imepita sili ya ndani na kuichanganya. Springi zikaguliwe kama kuna chuma kilichovunjika, na bomba likaguliwe kama limechomelewa. Kisha gari liendeshwe kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Usukani ukitikisika, bei ishuke.

Kwa magari yote mawili, 4x4 ifungwe kwenye eneo la udongo na usukani ukatwe hadi mwisho. Mlio wa kugonga kwa mfululizo ni kiungo cha shafti kinachoelekea kuisha.

MWELEKEO WA SOKO

Kwa mnunuzi wa gari jipya uchaguzi umepungua sana. Pikapu mpya ya dizeli yenye ekseli nzima mbele inayopatikana kwa urahisi katika kanda hii ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, na bei yake iko juu ya Hilux. Kwa gari lililotumika lililoagizwa nje hali ni hiyo hiyo. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8, kwa hiyo pikapu ndogo zinazoingia Mombasa kwa njia hiyo ni za kizazi cha mfumo huru.

Matokeo yake ni kwamba Hilux za zamani zenye springi mbele hazitaongezeka tena, na zilizopo zinazidi kuzeeka. Wauzaji wanalijua hilo na huziombea bei kubwa kuliko umri wake. Mnunuzi anapaswa kulipia hali ya gari lenyewe na si sifa za aina yake, kwa sababu ekseli nzima iliyopigwa miaka 30 inaweza kuwa imechoka kuliko mfumo huru uliotunzwa kwa miaka 8.

Kwa muhtasari, anayepita lami kwa sehemu kubwa ya safari na aliye karibu na vipuri halisi hana sababu ya kuukimbia mfumo huru, mradi atenge fedha za mipira na boljointi tangu mwezi wa kwanza na aache kukaza toshenbaa. Anayefanya kazi mashambani, machimboni au mbali na gereji, na anayejua kwamba mzigo utazidi, ekseli nzima bado inamlipa hata kama bei ya kununulia ni kubwa zaidi.